Maswali ya Wasomaji: Mzee Apumzike, Lakini Asikalishwe

SWALI: Baba yetu ana miaka 72. Mama alipofariki tulimtoa shambani Mwala, Machakos, tukaja kuishi naye hapa Donholm, ghorofa ya tatu. Kwa kuwa ana presha, tulikubaliana asiguse kazi yoyote: chai huletewa alipo, maji ya kuoga hupelekewa, na hata miwani yake hukimbiliwa na wajukuu. Mwaka haujaisha, na sasa anatembea akishika ukuta, wala hawezi kuinuka kochini mpaka ashikwe mkono. Presha ikipimwa haina neno. Je, huu ni uzee tu, au kuna vitamini tunazoweza kumnunulia? – Binti yake, Donholm

JIBU: Dada, pole kwa msiba na kwa wasiwasi huo. Kabla ya kuulaumu uzee, mpelekeni baba kwa daktari, kwani miguu inaweza kulegea kwa sababu ya kisukari, upungufu wa damu, hitilafu ya tezi ya shingo, au hata dawa zilezile za presha. Ombeni apimwe presha akiwa amekaa, kisha apimwe tena baada ya kusimama dakika moja na dakika tatu. Ile namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, huenda ni kizunguzungu kinachomfanya ashike ukuta, na daktari ndiye atakayeamua kama dawa zibadilishwe. Udhaifu unaokuja ghafla, wa upande mmoja, au unaoandamana na mdomo kupinda, haungojei kliniki. Huo ni wa kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo.

Vipimo vikitoka vizuri, itabidi niseme jambo ambalo huenda likawauma kidogo. Misuli ya mwanadamu huanza kupungua polepole baada ya miaka 30, kasi ikaongezeka baada ya 60, na hakuna kinachoiharakisha kama kutotumiwa. Kule Mwala baba alichuchumaa akipalilia, akabeba ndoo, akapanda na kushuka mteremko akifuata mbuzi, bila kuyaita hayo mazoezi. Mlipomleta mjini mlimwondolea yote kwa siku moja, tena kwa nia njema kabisa, maana kwetu mtoto anayemwacha mzazi wake ajichotee maji husemwa na majirani. Hata hivyo, presha iliyodhibitiwa si sababu ya kukaa. Kutembea mara kwa mara ni mojawapo ya mambo yanayoishusha.

Shirika la Afya Duniani hupendekeza angalau dakika 150 kwa wiki za shughuli za wastani, kama vile kutembea kwa haraka kiasi, na kwa waliofikisha miaka 65 huongeza mazoezi ya nguvu na ya kujisawazisha siku tatu au zaidi kwa wiki, ili wasianguke. Si lazima apelekwe msitu wa Karura au bustani ya Arboretum. Chukueni kiti cha mezani, si kochi, mkiegemeze ukutani. Baba aketi karibu na ukingo, nyayo zote mbili zikigusa sakafu, ainamishe kifua mbele hadi pua ipite magoti, kisha ainuke. Akishasimama imara, arudi kuketi taratibu huku akihesabu hadi nne, kwa sababu kule kushuka polepole ndiko kunakojenga mapaja. Mwanzoni aruhusiwe kujisukuma kwa mikono. Mara tano asubuhi na tano jioni zinatosha, ziongezwe kadiri anavyozoea. Siku nyingine asimame kando ya sinki, ashike ukingo wake, na ainue mguu mmoja kwa sekunde kumi.

Ngazi zenu nazo zitumike, mradi kuna mtu karibu na kuna kitu cha kushika. (Wenye nyumba wengi Nairobi hujenga ngazi kana kwamba hakuna mpangaji atakayezeeka. Kama taa ya ngazini imeungua, wekeni nyingine hata kabla hamjamlalamikia mwenye nyumba.)

Kuhusu vitamini, msinunue chupa yoyote kabla daktari hajasema kinachopungua. Fedha hizo nunueni mayai, maziwa lala, omena na ndengu. Mtu mzima wa umri huo, kama figo zake ni nzima, anahitaji takriban gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili wake kila siku. Yai moja lina kama gramu 6, na chai na mkate peke yake havimfikishi popote. Mpikieni muthokoi (mahindi yaliyokobolewa) wenye maharagwe ya kutosha, ila chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku katika vyakula vyote.

Halafu mpeni kazi. Magunia mawili ya sukuma wiki kwenye baraza, aliyoyapanda yeye na kuyamwagilia yeye, yatamwinua kitini mara nyingi kuliko mtakavyomhimiza. Mtafutieni pia wazee wa rika lake kanisani au penye drafti, kwa kuwa mjane aliyehamishwa kijijini kwake ana upweke ambao wajukuu peke yao hawauondoi.

SWALI: Nina miaka 68 na natumia dawa za presha. Magoti huniuma, kwa hiyo kila siku hununua diklofenaki kwenye duka la dawa. Tena sinywi maji mengi nisije nikaamka usiku. Kuna ubaya? – Mzee wa Kariobangi

JIBU: Upo, mzee wangu. Diklofenaki na ibuprofeni zikitumiwa kila siku huweza kupandisha presha, kuleta vidonda vya tumbo na kuumiza figo, na hatari huwa kubwa zaidi ukizichanganya na baadhi ya dawa za presha huku mwili ukiwa hauna maji. Mwonyeshe daktari kila kidonge unachomeza. Huenda akakupa dawa ya kupaka gotini na mazoezi ya paja. Hisia ya kiu hupungua kadiri umri unavyosonga, kwa hiyo usiingoje: kunywa maji mchana, upunguze baada ya chakula cha jioni. Ukiamka kukojoa zaidi ya mara mbili kila usiku, pimwa sukari na tezi dume.

SWALI: Nimevuta sigara tangu ujana na sasa nina miaka 60. Nakohoa wiki ya nne hii. Kuacha sasa kutanifaa nini? – Msomaji, Eastleigh

JIBU: Kutakufaa sana. Madaktari wanaume wa Uingereza walifuatiliwa kwa miaka 50 kuanzia 1951, na matokeo ya mwaka 2004 yalionyesha kuwa walioacha wakiwa na umri kama wako walijiongezea takriban miaka mitatu ya kuishi. Kikohozi hicho, hata hivyo, usikihusishe na sigara peke yake. Peleka makohozi yapimwe kifua kikuu wiki hii. Katika hospitali za serikali kipimo na dawa zake ni bure.