Je, mabuu wanaokula mizizi hujikinga kwa sumu ya mmea? Ndiyo
Si kwamba wanaivumilia tu, wapo wanaoihifadhi mwilini iwe silaha. Mfano ulio wazi ni buu wa mende Diabrotica virgifera, mla mizizi ya mahindi. Mahindi hutengeneza benzoksazinoidi, yaani kemikali za sumu za kufukuza walaji. Buu huyu huziweka kwenye damu yake zikiwa zimefungwa na sukari, na nyingine huzitoa kwenye ngozi kufukuza nematodi, minyoo wadogo mno wa udongoni wanaoua wadudu kwa msaada wa bakteria. Wakimwingia, kemikali zile huvunjika na kuwadhuru minyoo na bakteria wao pia! Utafiti wa 2017 katika jarida la eLife ulionyesha hivyo. Ila nematodi walioishi muda mrefu na mende huyu wamejenga ukinzani, kwa hiyo kinga hiyo haifui dafu mbele ya kila adui.