Ukitaka kumjua kipepeo, anza na yai

Wengi wanaotaka kufuga vipepeo huokota kiwavi aliyekwisha kunenepa. Mimi nashauri utafute yai. Kiwavi mkubwa huenda amekwisha kudungwa na nyigu wadogo wanaotaga ndani ya mwili wake, ukaishia kuona nyigu wakitoka. Isitoshe, utakuwa umekosa nusu ya hadithi.

Uchague mmea kwanza. Kiwavi hali kila jani. Ukimpa asilolizoea atakufa njaa hali majani yamemzunguka. Anayeanza namshauri Papilio demodocus, yule mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, kwa kuwa hutaga kwenye milimau, mindimu na michungwa. Mwangalie jike anapozungukazunguka machipukizi: hukunja tumbo, hugusa jani, huyoo anaondoka. Pale ameacha yai moja la mviringo, lisilozidi milimita 2.

Kata tawi hilo ulitie kwenye chupa ya maji, mdomo uuzibe kwa pamba kiwavi asije akazama. Majani yasiwe yamepuliziwa dawa. Kama huna hakika, usiyatumie. Kinyesi kisafishwe kila siku, maana unyevu na uchafu huleta ukungu.

Kiwavi akianguliwa, kwa kawaida hula kwanza ganda la yai lake. Akiwa mdogo ana rangi ya kahawia na mabaka meupe, ungedhani ni kinyesi cha ndege, na hiyo ndiyo kinga yake. Akijivua ngozi mara ya nne anageuka kijani. Mguse taratibu kwa unyoya: nyuma ya kichwa huchomoza pembe laini yenye ncha mbili, na harufu kali inatapakaa. Mimi sichoki kuitazama, ila usimsumbue mara kwa mara. Ukimkuta ametulia tuli wala hali chochote, anajiandaa kujivua ngozi. Usimbandue hata kidogo, anaweza kufa.

Mwishoni hujifunga kijitini kwa uzi wa hariri kiunoni na kuwa pupa, yaani ganda ambamo hugeuka kipepeo, ya kijani au ya kahawia. Ganda likianza kupenyeza mwanga na madoa ya mabawa kuonekana, kipepeo yu karibu kutoka. Hakikisha ana mahali pa kupanda na kuning'inia, la sivyo mabawa yatakauka yamekunjamana. Majimaji mekundu anayodondosha ni taka za mwili, si damu. Mabawa yakikauka mwachie mchana, jua likiwaka, karibu na mti ulikolitoa yai.