Michoro ya Nairobi: anzia Railways

Dada, umesema unatoka Mombasa, una siku mbili Nairobi na ungependa kuona michoro ya mtaani bila kuporwa simu. Anzia Railways asubuhi, kituo wanakopakia matatu za Rongai. Nyingine zimechorwa sura za wanamuziki na wanasoka ubavu mzima hadi mlangoni. Muombe makanga kwanza, akikubali piga picha upendavyo, kisha simu irudi ndani ya mkoba.

Kibera, mtaa wa mabanda, usiende peke yako. Tafuta mwenyeji anayeishi huko, mkubaliane malipo mapema. Huko ndiko msanii Solo7 alikopaka maneno ya amani ukutani wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007. Kwangu hiyo ndiyo michoro yenye uzito kuliko yote mjini.

Polisi na majengo ya serikali usiwapige picha kabisa.