Karatasi inakatika usiku: anza na chumba, si mtambo

SWALI: Shikamoo fundi. Tunachapa gazeti la kila wiki hapa Dar es Salaam kwa mtambo wa ofseti, yaani unaochapa kwa wino na maji, unaotumia maroli ya karatasi. Tangu masika yaanze, karatasi inakatika mara tatu, nne kwa usiku, na rangi za picha hazikai pamoja. Mtambo umekaguliwa, ni mzima. Tatizo ni nini?

JIBU: Marahaba. Kabla hujafungua hata nati moja, niambie: maroli mnayavua makaratasi yake ya kufungia saa ngapi? Wengi huyavua mchana ili kuokoa muda, kisha yanasubiri usiku karibu na mlango mkubwa ulio wazi. Hapo ndipo ugonjwa unapoanzia.

Karatasi ya gazeti ni nyepesi, gramu 45 hivi kwa mita ya mraba, na nyuzi zake hunywa maji. Hewa ya masika ikiingia, kingo za roli hulowana kabla ya katikati. Zinatanuka na kufanya mawimbi. Mtambo ukivuta, kingo zinalegea, katikati inakaza, karatasi inakunjamana na kukatika. Rangi nazo zinaharibika kwa sababu hiyohiyo. Katika ofseti kila rangi huja na maji yake, kwa hiyo karatasi hutanuka kidogo inapotoka rangi moja kwenda nyingine. Ikiwa imeshatanuka ovyo tangu mwanzo, huwezi kuzilinganisha: utaona wekundu wa mdomo umekaa shavuni.

Ingizeni maroli chumba cha mtambo siku moja au mbili kabla, yakiwa bado yamefungwa, myasimamishe wima. Likilazwa muda mrefu, roli hupoteza uduara na kuvuta kwa kushtuka. Fungueni linapokaribia kupanda mtamboni tu. Nunueni kipima unyevu, mkitundike karibu na maroli. Lengeni asilimia 50 hadi 55. Mlango ubaki umefungwa kazi ikiendelea. Najua joto la mle ndani, lakini kiyoyozi hakiwezi kushindana na mlango ulio wazi.

Roli likifunguliwa, pitisha kidole taratibu kwenye ukingo. Jeraha dogo kama ukucha, lililoachwa na foklifti, linatosha kukata karatasi yote.

Karatasi ikikatika tena, msitupe vile vipande viwili. Andikeni juu yake namba ya roli na saa. Mpasuko ulioanzia ukingoni unaelekeza kwenye jeraha. Wenye mkunjo wa mshazari unaelekeza kwenye unyevu. Mkipata vipande vitano hivi, nitumieni picha.