Kabla hujamchora mtu mzima anayeuza picha zake mtandaoni

Wewe unayeanza kuchora sura za watu, ukimpata mtu mzima anayeishi kwa kuuza picha zake za faragha mtandaoni, sikiliza kwanza kosa nililofanya mimi.

Mwanamke wa kwanza wa kazi hiyo kukubali kukaa mbele yangu, hapa Mombasa, alikuwa na miaka 57. Nikamkaribisha kama tulivyolelewa: "Shikamoo mama, karibu uketi." Akaitikia marahaba, akaketi, akasema, "Shikamoo nimeipokea. Ila tukianza kazi, niite dada." Sikuyatilia maanani maneno yale. Nilimchora wiki mbili, kichwa kimeinama kidogo, mikono mapajani, macho ya upole, na mikunjo ya shingo nikailainisha kwa kumhurumia. Alipoiona alinyamaza kitambo. "Huyu nani? Mdogo wangu aliyefiwa?"

Nilikuwa nimemchora mama, wala si yeye. Tunasema utu uzima dawa, lakini tunachokisifu hapo ni ushauri wa mtu mzima. Mwili wake tumeshaufunika kanga, na kama bado unatamanika hatuulizi. Yeye kila usiku yuko mbele ya watu wanaomtamani na umri wake wanaujua. Mchoraji asiyeamini hilo atachora huruma tu, na huruma huonekana hata kwenye turubai.

Usichore kutoka kwenye picha anazouza. Zile amezipanga mwenyewe, pembe, mwanga na filta, kwa ajili ya mteja. Mwombe aje na vifaa vyake. Wangu alileta ile taa ya mviringo inayoshika simu, akaiwasha, na katika kila mboni kikaingia kiduara cheupe, chembamba kama pete. Siku nzima nilishughulika na viduara vile viwili. Vilieleza kazi yake kuliko ambavyo kifua wazi kingeeleza, na shuka halikushuka begani.

Mkunjo wa ngozi usiuchore kama mstari. Ni bonde dogo: ukingo mmoja unapokea mwanga, mwingine uko kivulini, basi weka rangi mbili zinazokaribiana na uziache zikutane. Kwa ngozi nyeusi, usikimbilie tyubu ya rangi nyeusi, itakuulia picha. Changanya kahawia ya udongo na bluu ya ultramarini, kisha tazama mtulinga ulipo karibu na dirisha. Utaona bluu iliyofifia. Ngozi ya mtu mzima ina rangi nyingi kuliko ya kijana, na mimi huona raha kuichora.

Watafute waliotangulia. Mfaransa Suzanne Valadon alianza kwa kukaa mbele ya wachoraji wa Montmartre, mtaa wa wasanii jijini Paris, akajifunza kwa kuwatazama, na mwaka 1931, akiwa na miaka 60 na ushei, alijichora kifua wazi, uso mkavu, bila kujipunguzia mwaka hata mmoja. Mmarekani Alice Neel aliimaliza picha aliyojichora uchi mwaka 1980 akiwa na miaka 80: ameketi kwenye kiti cha mistari ya bluu, miwani usoni, brashi mkononi. Iangalie ile brashi. Tumbo limeshuka, lakini mkono uko kazini.

Na umlipe. OnlyFans, tovuti ya kuuzia picha kama hizo, iliyoanzia Uingereza mwaka 2016, hukata asilimia 20 ya anachopata mtu na kumwachia 80. Ukimkalisha saa tatu kisha ukampa asante, umekata zaidi ya hao. Mkubaliane kwa maandishi: nani ataiona picha, itapigwa picha au la, itauzwa kwa nani, na yeye atapata nini ikiuzwa.

Picha ya pili ilichukua miezi miwili. Safari hii alinitazama moja kwa moja, kidevu juu, na mimi nikimwita dada. Siku ya mwisho aliikaribia turubai, akagusa hewa mbele ya shingo yake iliyochorwa, penye kovu dogo nililolipenda sana na kulihangaikia. "Kwenye simu huwa nalifunika," alisema. "Kwetu wote wanalijua." Nilichukua kisu cha rangi nikalikwangua mbele yake.