Kupanda Lenana mwezi wa Julai bila gari la 4x4

Umeuliza njia ya kupanda kilele cha Lenana, Mlima Kenya: shika njia ya Sirimon, kaka. Gari dogo lakufikisha mpaka langoni, halafu unatembea kama kilomita 9 hadi kambi ya Old Moses, mita 3,300. Njia ya Chogoria ina mandhari nzuri zaidi, sikatai, lakini ile barabara yake ya msituni ikinyeshewa inakuwa uji mtupu. Lenana yenyewe (mita 4,985) haitaki kamba, yataka pumzi. Nilipanda Julai mwaka jana: kule kambi ya Shipton's, juu zaidi, maji ya chupa yaliganda ndani ya hema, na mimi mtu wa Kisauni nilidhani kipupwe chetu ndiyo baridi! Ila sisi wa pwani twatoka usawa wa bahari, kwa hiyo ongeza usiku mmoja njiani mwili uzoee hewa nyepesi.