Makuhani wa Vesta: heshima yenye masharti makali

Ndugu, umesema wanawake wa Roma ya kale walikuwa huru kwa sababu dini yao ilikuwa na makuhani wa kike. Hapo umewapima wote kwa wachache sana. Makuhani wa Vesta, mungu wa kike wa moto wa nyumbani, walikuwa 6 tu mji mzima, wakichukuliwa wakiwa watoto wa miaka 6 hadi 10 na kutumikia miaka 30 wakiwa mabikira, wakiulinda moto mtakatifu. Ni kweli walitoka chini ya mamlaka ya baba, wakamiliki mali na kuandika wosia wenyewe, haki ambayo dada zao waliobaki nyumbani hawakuwa nayo.

Lakini moto ukizimika, kuhani mkuu, ambaye ni mwanamume, alimcharaza mhusika viboko. Mmoja wao akihukumiwa kwamba amevunja ubikira, alifukiwa hai karibu na lango la Collina, ndani ya chumba cha chini ya ardhi. Humo aliwekewa kitanda, taa, mkate kidogo, maji, maziwa na mafuta, ili mji usihesabiwe kuwa umemuua kwa njaa mtu mtakatifu. Mimi hicho chakula ndicho kinachoniuma zaidi.